Kukamua mafuta ya mbegu za maboga bila kupoteza kilicho ndani yake

Kiini cha mbegu ya boga iliyokauka vizuri ni mafuta karibu nusu ya uzito wake. Ndani ya mafuta hayo, kwa kiasi kidogo sana, kuna vitu ambavyo ndivyo hasa watu wanavitafuta: vitamini E, hasa ile ya aina ya gama-tokoferoli, fitosteroli, yaani viambata vya mimea vinavyofanana na kolesteroli, skwaleni, aina ya mafuta ya asili ambayo mbegu chache za mboga zinayo kwa wingi kama boga, na rangi za jamii ya karotenoidi, luteini ikiwemo. Kutoa mafuta si kazi ngumu. Kazi ni kuyatoa vitu hivyo vikiwa bado vizima, kwa sababu joto, mwanga, hewa, na hata koki ya shaba kwenye pipa la kuhifadhia, vyote vinavila. Mtu anaweza kukamua lita tano za mafuta ya kijani yanayopendeza macho, nayo yakawa yameshachakaa kabla hayajaingia kwenye chupa.

Maelezo haya yanamfaa anayekamua kati ya kilo 1 na kilo 50 za mbegu kwa mara moja, nyumbani au kwenye karakana ndogo, kwa kutumia maboga yetu ya kawaida ambayo mbegu zake zina ganda gumu.

Kinachotoka na kinachobaki

Kabla ya kugusa mbegu, fahamu kwamba mafuta hubeba vile tu vinavyoyeyuka kwenye mafuta. Zinki, magnesi, protini, nyuzinyuzi na kukurbitini, ile asidi-amino ambayo ndiyo sababu mbegu za boga zilitumika tangu zamani kutoa minyoo, haviyeyuki kwenye mafuta. Vinabaki kwenye mashudu. Kwa hiyo anayenunua chupa ya mafuta kwa ajili ya zinki anapeleka pesa mahali pasipo na zinki, na anayekamua kisha akatupa mashudu anatupa nusu ya mali yake.

Hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2015 kulichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Ujerumani kwa mwaka mzima, ukihusisha wanaume 1,431 wenye shida ya mkojo inayotokana na kuvimba tezi dume. Waliokula mbegu zenyewe, gramu 5 mara mbili kwa siku, walipata nafuu zaidi kidogo ya wale waliopewa dawa bandia, yaani kitu kisicho na dawa ndani kinachotumika kulinganishia. Waliopewa vidonge vya dondoo la mbegu hizohizo hawakuwazidi wa dawa bandia kwa kiwango cha maana. Kutoa dondoo si lazima kuboreshe kitu. Kamua kwa sababu unataka mafuta mazuri ya mezani yenye vitamini E na fitosteroli, na mashudu uyatumie. Mwenye shida ya mkojo aende hospitali kupimwa. Mafuta haya si dawa ya tezi dume.

Mbegu

Chukua mbegu kutoka kwenye boga lililokomaa kabisa: kikonyo kimekauka na kuwa kama kuni, na ganda halipenyi ukucha. Boga likikaa wiki tatu au nne baada ya kuvunwa, mahali pakavu penye hewa, mbegu zake huendelea kujaa. Boga changa la kupikia hutoa mbegu zilizosinyaa, nyingi zikiwa ganda tupu.

Usitumie hata kidogo mbegu za dukani zilizofungashwa kwa ajili ya kupanda. Nyingi zimepakwa dawa ya kuvu, na ndiyo maana zina rangi ya waridi, bluu au nyekundu. Dawa hiyo haiondoki kwa kuosha, na ikiingia kwenye mafuta imeingia.

Onja kiini kimoja kutoka katika kila boga, kibichi, kwa ncha ya ulimi. Kikiwa kichungu, tupa mbegu za boga hilo lote pamoja na nyama yake. Uchungu huo ni kukurbitasini, sumu ya asili ya jamii ya maboga inayorudi pale boga la kuliwa linapochavushwa na boga pori au la mapambo. Inaharisha na kutapisha vibaya, na kupika hakuiondoi. Boga moja chungu likichanganyika na mengine thelathini linaharibu kazi ya siku nzima, na hapo hutajua lilikuwa lipi.

Kukausha ndiko kunakoamua

Wengi hudhani ubora unapatikana kwenye mashine. Kwa kweli mafuta mabaya huanza saa chache baada ya boga kupasuliwa. Mbegu mbichi ina maji mengi, na ndani yake vimeng'enya viko tayari kukatakata mafuta kuwa asidi huru. Mbegu zikilala usiku mmoja kwenye ndoo pamoja na ule utumbo wa boga, asidi hiyo inapanda, na hakuna kuchuja kutakakoishusha baadaye. Wanaotoa mbegu za kupanda huzichachusha kidogo kwa makusudi ili utelezi uachie. Za mafuta hazichachushwi. Zitoe, zioshe mara moja kwa maji safi ukizisugua ndani ya chekeche, zichuje, zianike saa hiyohiyo.

Anika kivulini penye upepo, juu ya wavu au chekecheke lililoinuliwa kutoka ardhini, unene usiozidi sentimita moja. Turubai lililolazwa chini linashika unyevu upande wa chini, na hapo ndipo kuvu huanzia. Siku ya kwanza geuza kila saa. Siku zinazofuata mara tatu au nne zinatosha. Jioni ingiza ndani, kwa kuwa umande wa usiku mmoja unarudisha kazi ya siku nzima. Pwani, ambako hewa yenyewe imelowa, siku tano haziwi ajabu. Kwenye nyanda kavu kama Dodoma, tatu zinaweza kutosha. Ukitumia kikaushio cha umeme au cha jua, joto lisizidi nyuzi 45. Jua kali la moja kwa moja linakausha haraka, lakini linapasua maganda, na kiini kilichopasukiwa kinaanza kula hewa.

Lengo ni unyevu wa asilimia 6 hadi 8. Njia ya uhakika ya kupima bila kifaa cha bei ni mizani ya jikoni na oveni. Twanga gramu 100 za viini, vitandaze kwenye sahani ya bati, viweke kwenye oveni ya nyuzi 105 kwa saa tatu, pima, rudisha nusu saa, pima tena. Uzito ukiacha kushuka, gramu zilizopotea ndizo asilimia ya unyevu. Zikibaki gramu 93, unyevu ulikuwa asilimia 7. Sampuli hiyo usiirudishe kwenye kazi. Kwa mkono, kiini chenye unyevu mzuri kinavunjika katikati kwa mlio mdogo mkavu. Kinachopinda kabla ya kuvunjika bado.

Hapa hatuwezi kupita bila kutaja sumukuvu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walifariki kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Kuvu hao hawachagui mahindi tu. Mbegu yoyote yenye mafuta na maji wanaipenda. Sehemu kubwa ya sumu hiyo hubaki kwenye mashudu, lakini mafuta yasiyosafishwa kiwandani hubeba kiasi chake pia. Mbegu yenye madoa meusi au ya kijivu, yenye vumbi la kuvu, au inayonuka stoo iliyofungwa, haioshwi wala haikaangwi ili ifae. Inatupwa, na ng'ombe pia asipewe, kwa sababu sumu hutokea kwenye maziwa.

Kubangua

Ganda ni takriban robo ya uzito wa mbegu kavu na halina mafuta ya maana. Ukikamua mbegu na maganda yake yote, maganda yanakunywa sehemu ya mafuta kama sifongo, na skrubu ya mashine inasagika mapema. Ukikamua viini vitupu, navyo vina shida yake: vinageuka kuwa uji mzito unaozunguka pamoja na skrubu bila kusonga mbele, kwa sababu hakuna nyuzi za kushikana na ukuta wa mashine. Kinachofanya kazi ni viini pamoja na maganda yaliyopondwa kidogo, gramu 100 hadi 150 za maganda kwa kila kilo ya viini.

Kubangua kwa mikono ni kazi ya kukaa kitako na watu wengi. Kwa kiasi kikubwa kidogo, tumia kinu cha mkono cha kusagia, kile cha sahani mbili za chuma. Legeza sahani mpaka mbegu ipite ikiwa imepasuka tu bila kusagika, kisha peta kwa ungo. Theluthi hivi itapita bila kufunguka. Rudisha mara ya pili ukiwa umekaza kidogo. Kiini chenyewe usikisugue. Ule utando mwembamba wa kijani unaokivaa, unaobanduka kama ngozi ya karanga, ndio wenye sehemu kubwa ya rangi, na ukipeperuka na maganda, mafuta yatatoka ya njano iliyofifia.

Viini vilivyobanguliwa vikamuliwe ndani ya siku mbili. Ganda ndilo lililokuwa likivilinda.

Mashine ya skrubu

Kwa kazi hii mashine ndogo ya umeme, inayokamua kilo 3 hadi 10 kwa saa, inafaa kuliko kubwa. Chagua inayozunguka polepole, mizunguko 20 hadi 40 kwa dakika. Mzunguko wa kasi huongeza kilo kwa saa na joto kwa pamoja. Tundu la kutolea mashudu la milimita 8 ni mahali pazuri pa kuanzia. Baadaye unaweza kushuka hadi 6.

Pasha kichwa cha mashine hadi kiwe moto wa kutoshikika kwa muda, nyuzi 60 hivi, kisha anza kulisha kidogo kidogo, mwanzo ukitumia konzi mbili tatu za viini vyenye maganda mengi. Mashudu yakianza kutoka mfululizo, zima kipashio. Msuguano wenyewe unatosha. Weka kipimajoto kwenye mafuta pale yanapodondoka, si kwenye chombo yalikojaa. Yakae chini ya nyuzi 45. Yakipanda, punguza kasi kwanza. Isiposaidia, ongeza upana wa tundu.

Baada ya hapo mashudu ndiyo yanayokuambia kila kitu. Mazuri hutoka kama penseli ndefu, ngumu, yenye magamba madogo kwa nje, na ukiivunja inakatika kwa mlio. Yakitoka kama unga, mbegu zimekauka kupita kiasi. Mashine inanguruma, mafuta yanapanda joto, na hatua inayofuata ni moshi. Simamisha kabla ya moshi, kwa sababu ikiziba ikiwa imekauka hivyo, utaifungua kwa nyundo. Yakitoka laini na kujikunja kama kamba mbichi, huku mafuta yakiwa na povu jeupe na mengine yakirudi nyuma kwenye kinywa cha kulishia, kuna unyevu mwingi. Mashudu ni magumu lakini ukiyafinya kiganjani yanaacha kiganja kiking'aa? Tundu ni pana mno.

Mbegu zilizokauka kupita kiasi zinarekebishika. Kilo moja ya viini yenye unyevu wa asilimia 5 inahitaji mililita 21 za maji kufika asilimia 7. Nyunyizia kwa chupa ya kupulizia huku ukigeuza, funga kwenye ndoo yenye mfuniko, acha usiku kucha, asubuhi geuza tena. Maji yakimwagwa tu kwa mkupuo juu ya mbegu, hulowa za juu, na mashine hupokea tope na vumbi kwa zamu.

Hesabu ya kutegemea ni hii. Kilo 10 za mbegu kavu zenye ganda hutoa kilo 7 na kidogo za viini. Ndani yake kuna kilo 3.4 hivi za mafuta. Mashine ndogo nzuri hutoa robo tatu yake, mashapo yanachukua sehemu ya kumi, na unabaki na takriban lita 2.5 safi. Ukipata lita 1.5, angalia unyevu na tundu. Ukiletewa na mtu lita 3.5 kutoka kwa kilo 10 hizo, muulize ameongezea nini.

Kuhusu kupeleka mbegu kwenye mashine ya alizeti ya mtaani: fikiri mara mbili. Mashine hizo ni kubwa na zimetengenezwa kwa ajili ya wingi, kwa hiyo kichwa chake huwaka moto mkali. Tumbo lake pia linameza kilo nyingi kabla ya kutoa chochote, na kinachotangulia kutoka ni alizeti ya mteja aliyekutangulia. Kwa mzigo wa chini ya kilo 50 unarudi nyumbani na mchanganyiko. Mashine ya mkono ya kusukuma kwa mtaimbo, iliyobuniwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na mhandisi Mmarekani Carl Bielenberg kwa ajili ya alizeti ya vijijini, ni rafiki zaidi kwa kazi hii: inakwenda bila joto kubwa, inakubali kilo chache, na ni rahisi kuifungua na kuisafisha. Viini vya boga vinahitaji maganda humo pia. SIDO, shirika la viwanda vidogo la Tanzania, wana ofisi mikoani, na ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia mashine ndogo.

Bila mashine

Kilo moja ya viini, kinu na mchi, kitambaa cha marekani kilichochemshwa na kukaushwa, na jeki ya gari ya haidroliki iliyofungwa kwenye fremu ya chuma pamoja na silinda yenye matundu. Twanga viini mpaka viwe uji mzito unaoshikana na mchi. Nyunyiza vijiko vitatu vya chakula vya maji ya moto, si yanayochemka, na ukande kwa mkono kama unga wa chapati kwa dakika kumi hadi kumi na tano.

Hapa kuna kitu cha kuangalia kwa macho. Mwanzoni donge ni la kijani kibichi na limefifia, kama udongo wa mfinyanzi. Ghafla uso wake unaanza kung'aa, vidole vinateleza, na ukilikunja donge, vitone vya kijani cheusi vinajitokeza kwenye mikunjo. Protini imekunywa maji na kuachia mafuta. Simama hapo. Ukiongeza maji zaidi ya hapo unapata tui, na tui la mbegu za boga halijitengi kirahisi kama la nazi.

Funga kwenye kitambaa, ingiza kwenye silinda, bana kidogo, subiri dakika tano, bana tena. Ukikaza kwa nguvu tangu mwanzo, kitambaa kinapasuka na uji wote unapenya matundu. Malizia kwa kuacha chini ya mgandamizo kwa nusu saa. Utapata mililita 200 hadi 250. Jeki yenyewe ina oili ndani na mara nyingi inavuja, hivyo ikae chini ya fremu ikisukuma kwenda juu, na trei kati yake na chakula.

Njia ya kutwanga, kuchemsha kwa maji mengi na kukomba mafuta yanayoelea inatoa mafuta, lakini machache, na yamekaa kwenye nyuzi 100 pamoja na maji kwa muda mrefu. Kwa lengo letu haifai. Kuloweka unga wa mbegu kwenye mafuta ya alizeti kwa wiki mbili kunakupa alizeti yenye harufu ya boga. Na wanaoshauri kuloweka mbegu kwenye spiriti au petroli ili "kuvuta dawa" wanahatarisha watu: spiriti ya dukani inaweza kuwa na methanoli, inayopofusha na kuua, na petroli haitoki yote kwenye mafuta kwa kuanika. Kiwanda kinachotumia kiyeyushi kina mitambo ya kukiondoa na maabara ya kuhakikisha. Jikoni hakuna.

Kukaanga au kutokukaanga

Kule Styria, kusini mwa Austria, ambako mafuta haya ni fahari ya mkoa na jina lake limelindwa na Umoja wa Ulaya tangu 1996, mbegu husagwa, zikakandwa na maji na chumvi, kisha zikakaangwa polepole mpaka maji yaishe, ndipo zikakamuliwa. Mafuta yanatoka meusi, yenye harufu ya karanga, na kwa wingi, kwa sababu joto linagandisha protini na kuachia mafuta. Wao hutumia mbegu zisizo na ganda, aina iliyojitokeza huko kwa badiliko la asili, na hupata lita moja kwa kilo 2.5 hadi 3. Ni mafuta matamu sana. Lakini ukaangaji mzuri unataka mkono uliozoea; kwa anayeanza, dakika tatu za ziada zinaunguza chungu kizima, na kilichoungua hakifichiki. Ikiwa unachotaka kulinda ni vile vitu vidogo ndani ya mafuta, kamua bila kukaanga.

Kutuliza, kuchuja, kufunga

Mafuta yaliyotoka sasa hivi ni tope. Yamimine kwenye chombo kirefu chembamba cha kioo au chuma kisichoshika kutu, yajae mpaka karibu na mdomo, funika, weka gizani penye ubaridi kwa siku tano hadi saba. Shaba na shaba nyeupe ni marufuku, hata koki tu. Chembe zake huharakisha mafuta kuchacha. Chuma cha kawaida kinafanya hivyo pia. Usiyapashe moto ili yatulie haraka.

Nyonya ya juu kwa mpira mwembamba bila kugusa chini, kisha pitisha kwenye kitambaa cha marekani kilichokunjwa mara nne. Kitambaa kiwe kikavu kabisa: tone la maji ndani ya chupa ni mwanzo wa ukungu mweupe chini yake. Mashapo yaliyobaki, yale mazito ya kijani, yaunge kwenye mboga siku hiyohiyo. Yana ladha nzuri lakini hayakai.

Chupa iwe ya rangi nzito, kahawia au kijani, ijazwe mpaka shingoni ili hewa isipate nafasi. Mafuta haya yanaogopa mwanga kuliko mengine mengi, na sababu ni ile rangi yake yenyewe: ni ya jamii ya klorofili, na klorofili ikipigwa na mwanga huamsha oksijeni iliyo karibu nayo na kuielekeza kwenye mafuta. Chupa nyeupe ya maji ya kunywa iliyopangwa dirishani ili wateja waone rangi inaharibu kile kinachouzwa. Gizani, ikiwa imefungwa, chupa inakaa miezi sita hadi tisa. Ikifunguliwa iwekwe kwenye friji na iishe ndani ya wiki nane.

Kujua kama yako ni mazima, dondosha matone mawili kiganjani, sugua mpaka yapate moto, nusa. Harufu ya mbegu mbichi, majani na karanga ni sawa. Harufu ya rangi ya mafuta au ya krayoni za watoto maana yake yamechacha, na kuyachanganya na mapya kunaharibu yote. Kisha tandaza kidogo kwenye sahani nyeupe: ukanda mwembamba ni wa kijani. Jaza hayohayo kwenye glasi na uyatazame dhidi ya taa: ni mekundu ya damu ya mzee. Mafuta haya yana rangi mbili kutegemea unene, na yakichanganywa na alizeti nyingi wekundu huo unapotea. Ila maboga yenye viini vyeupe hutoa mafuta mepesi zaidi hata yakiwa safi, kwa hiyo usimhukumu mtu kwa jaribio hili peke yake.

Anayetaka kuuza apeleke sampuli maabara. Kiwango cha kimataifa cha Codex kwa mafuta yaliyokamuliwa baridi kinaruhusu thamani ya asidi (kipimo cha ile asidi huru) isiyozidi 4 na peroksidi (kipimo cha mafuta yalivyoliwa na hewa) isiyozidi 15. Kazi iliyofanywa vizuri, ikiwa mpya, huwa chini ya 5 kwenye peroksidi. Asidi ikiwa juu, kosa lilikuwa kwenye kukausha. Peroksidi ikiwa juu huku asidi iko chini, mbegu zilikuwa sawa na kosa lilikuwa mashineni au kwenye chupa. Alama ya TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya inafuata baada ya hapo, na lebo isiandikwe kwamba yanaponya kitu.

Matumizi ni kijiko cha chai kimoja au viwili kwa siku juu ya kachumbari, uji, au mboga ikishaepuliwa. Yasikaangiwe.

Mashudu yaliyobaki bado yana mafuta kidogo, kwa hiyo nayo yanachacha. Yasambaze yapoe na yakauke siku hiyohiyo, saga, chekecha maganda yatoke, na uhifadhi unga kwenye chombo kilichofungwa. Nje ya friji uishe ndani ya wiki tatu. Kwenye jokofu la kugandisha unakaa miezi. Kijiko kimoja cha chakula kwenye kikombe cha uji wa mtoto aliyeanza kula vyakula vya nyumbani kinaongeza protini, zinki na magnesi, na kwenye chapati unaweza kuweka kikombe kimoja cha unga huo kwa vikombe vitano vya ngano. Chapati zitatoka na rangi ya kijani kidogo.